Kutoka kibaba hadi lita: kwa nini mtoto ajifunze kupima kwa mikono yake

Mwaka 2024, wakati kambi zilizozunguka mji wa Goma zilikuwa bado zimejaa watu, nilienda upande wa magharibi ya mji kurekodi kipindi juu ya kipindupindu. Katika hema moja nilimkuta mama aliyekimbia kutoka Masisi. Mtoto wake mdogo alikuwa anaharisha tangu usiku. Mama alikuwa ametoka kituo cha afya na pakiti mbili za SRO, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji. Alijaza maji safi katika kikombe cha plastiki, akapasua pakiti, akataka kumwaga yote ndani.

Binti yake wa miaka kumi hivi akamshika mkono.

«Mama, hapana. Pakiti moja ni lita moja. Kikombe hiki ni nusu tu. Vinatakiwa viwili.»

«Nani alikuambia?»

«Tulipima kwa mwalimu. Tulimwaga mara mbili, maji yakafika kwenye mstari wa chupa.»

Mama aliniangalia, kisha akatafuta sufuria. Wakamwaga vikombe viwili, wakaweka unga, wakakoroga. Jambo dogo, mtasema. Lakini SRO ikichanganywa na maji kidogo mno, chumvi inazidi, na inaweza kumletea hatari mtoto ambaye tayari amekauka. Maji yakizidi mno, dawa inakuwa hafifu na haisaidii inavyopaswa. Uzima wa yule mdogo ulitegemea mtu mmoja hemani kujua lita moja ni maji kiasi gani.

Nilimtafuta huyo mwalimu. Naye alikuwa mkimbizi wa ndani. Alifundisha chini ya turubai, bila ubao, na chaki zake zilikuwa zimekwisha. Alikuwa na chupa tupu, makopo, bidoni moja na mchanga mweusi wa volkano. Alisema: «Vitabu tuliviacha nyumbani. Maji na mchanga tumevikuta hapa.»

Nikakumbuka shule yangu ya msingi. Tuliimba kila asubuhi: kilolita, hektolita, dekalita, lita, desilita, sentilita, mililita. Niliimba vizuri, nikapata pointi. Lakini hakuna siku hata moja ambayo mtu alituonyesha desilita kwa macho. Siku hiyo kambini nilianza kujiuliza: vipimo hivi vilitufikiaje, na nani alikuwa anashika kopo?

Kibaba cha tele na kibaba cha mfuto

Kabla ya lita, misafara ya biashara kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki ilileta vipimo vyake hadi kwetu. Ilipitia Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Kasongo na Nyangwe, karibu na mto Lualaba. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, karibu kilo 16. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka. Neno hilo la posho tunalo mpaka leo, tunapopanga mstari kungojea mgao.

Kibaba hakikuwa na ukubwa mmoja kila mahali. Tena watu wa pwani walitofautisha kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka nafaka ikafanya kilima juu, na kibaba cha mfuto, kilichopanguswa juu kikawa sawasawa na ukingo. Chombo ni kilekile, lakini chakula si kilekile. Mpagazi aliyepewa mfuto baada ya kuahidiwa tele alijua kwamba ameibiwa. Hakuhitaji shule kulijua hilo. Mkono wake na tumbo lake vilimwambia.

Kila mama anayenunua maharagi sokoni anaelewa maneno hayo hata kama hajawahi kuyasikia. Sisi tunapima kwa kopo la Guigoz, maziwa ya unga ya watoto yenye asili ya Uswisi. Maziwa yalikwisha, kopo likabaki kuwa kipimo cha soko. Lubumbashi wanasema meka, na Kinshasa wana ekolo. Na kila mahali maneno ni yaleyale: «Mama, niongezee juu!»

Mzani ambao mwenyeji hakuweza kuusoma

Halafu ukaja wakati wa Mfalme Leopold wa Pili, kuanzia mwaka 1885. Katika misitu ya Equateur na sehemu nyingine, wanakijiji walilazimishwa kuleta mpira wa porini. Waliuleta katika vikapu mpaka kituoni, na pale ulipimwa kwa mzani. Aliyesoma mzani alikuwa mtu wa serikali au wa kampuni. Mpira ukionekana haukutimia, adhabu ilifuata: fimbo, kufungwa, kuchukuliwa wake kama mateka, hata kuuawa. Tume ya uchunguzi ya miaka ya 1904 na 1905 ilisikiliza ushuhuda wa watu juu ya mambo hayo, na mwaka 1908 nchi ikatolewa mikononi mwa mfalme ikawa koloni ya Ubelgiji.

Mimi siamini kwamba kujua kusoma mzani kungeliwaokoa watu wale. Waliokuwa na bunduki hawakuhitaji hesabu ya kweli. Lakini jambo moja linaonekana wazi: kipimo kilikuwa upande mmoja tu wa meza. Yule aliyebeba mzigo hakuwa na njia ya kuhakikisha uzito wake.

Lita yenyewe ilizaliwa kwa shabaha nyingine kabisa. Katika Ufaransa ya zamani, kila mji na kila bwana alikuwa na kipimo chake cha ngano, na wakulima walilalamika kwamba mabwana wanapokea kodi kwa chombo kikubwa. Baada ya mapinduzi, sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 iliweka mpango mmoja. Chukua sanduku lenye sentimita 10 kwa urefu, 10 kwa upana na 10 kwa kimo. Kinachojaa ndani yake ni lita moja. Na lita moja ya maji safi ina uzito wa karibu kilo moja kamili. Wazo lilikuwa kwamba kipimo kiwe cha watu wote, na mtu yeyote aweze kukihakikisha. Ubelgiji ilikuwa katika mpango huo kabla ya kuja huku, na kwa njia ya koloni lita ikaingia Kongo.

Iliingia katika vitabu na maduka. Kuingia mikononi mwa watoto lilikuwa jambo lingine.

Daktari wa Brussels na bilauri za Geneva

Mwaka 1907, karibu na Brussels, daktari mmoja aitwaye Ovide Decroly alifungua shule aliyoiita Ermitage. Aliona kwamba mtoto haelewi kipimo kwa kukariri jina lake. Katika shule yake watoto walipima kwanza kwa vitu walivyokuwa navyo: mkono, hatua, mawe, vikombe. Walipogombana kwa sababu mkono wa mmoja ni mrefu kuliko wa mwenzake, ndipo mwalimu aliwaletea meta. Kwanza mtoto alione hitaji, kisha apewe jina. Mwaka 1932 kitabu alichoandika pamoja na Amélie Hamaïde juu ya hesabu na kupima kilitolewa.

Huyo alikuwa Mbelgiji, na wakati uleule Ubelgiji ilikuwa inatawala hapa. Hata hivyo, katika shule nyingi za Kongo, ambazo wakati huo zilikuwa mikononi mwa misheni, wanafunzi walikuwa wengi na vifaa vichache. Njia iliyobaki ilikuwa kurudia kwa sauti. Ndiyo hiyo niliyorithi mimi miaka mingi baadaye: kilolita, hektolita, dekalita.

Mwaka 1941 Jean Piaget na Alina Szeminska, waliofanya kazi Geneva, walitoa kitabu juu ya namna mtoto anavyopata wazo la hesabu. Moja ya majaribio yao unaweza kulifanya leo nyumbani. Weka maji sawasawa katika bilauri mbili zinazofanana. Mtoto akikubali kwamba ni sawa, mwaga moja katika chombo chembamba kirefu mbele ya macho yake. Muulize: wapi kuna maji mengi? Mtoto wa miaka minne au mitano mara nyingi ataonyesha chombo kirefu. Karibu na miaka saba au nane, atakuambia ni yaleyale, hukuongeza wala hukupunguza.

Wengine walidhani umri peke yake ndio unafanya kazi hiyo. Lakini mwaka 1969 watafiti walitoa matokeo kutoka Mexico, ambako walilinganisha watoto wa wafinyanzi na watoto wengine. Watoto waliozoea kushika udongo walielewa vizuri zaidi kwamba donge likibadilishwa umbo, udongo unabaki uleule. Mikono yao ilikuwa imewafundisha.

Kopo la kununulia na kopo la kuuzia

Hadithi ninayoipenda kuliko zote inatoka Liberia. Katika miaka ya 1960, John Gay na Michael Cole walikwenda kwa watu wa kabila la Kpelle, wakulima wa mpunga, kwa sababu watoto wao walishindwa hesabu shuleni. Mtu angeweza kudhani akili zao ni nzito. Wale wawili walileta mchele katika bakuli, wakauliza watu wakadirie: humu mna makopo mangapi? Wakulima wa Kpelle, wengi wao hawakusoma, walikaribia jibu la kweli kuliko Wamarekani waliokuwa wamesoma.

Haikuwa ajabu. Watu hao walikuwa wanapima mchele kwa kopo kila siku ya maisha yao. Katika kitabu chao cha mwaka 1967, Gay na Cole waliandika pia kwamba mfanyabiashara wa pale alikuwa na makopo mawili. La kununulia lilikuwa limegongwa chini kwa uangalifu mpaka tako likatokeza nje, ili liingize mchele zaidi. La kuuzia halikugongwa. Tofauti ya makopo hayo mawili ndiyo ilikuwa faida yake.

Nilipomsomea mama mmoja muuza maharagi habari hiyo, alicheka sana. «Kumbe hata huko! Sisi hapa wanabonyeza kopo kwa ndani.» Kisha akawa mzito, akaniambia kwamba watoto wake ndio anaowatuma sokoni, na mtoto hapigi jicho chini ya kopo.

Basi watoto wa Kpelle walikuwa na akili. Shule ndiyo haikuuliza kitu wanachokijua. Mtoto wa mkulima wa Rutshuru au wa Masisi anajua gunia, beseni, kopo na mfuko. Kuanzia hapo anaweza kufika kwenye lita. Ukianza na kilolita, unamwacha nyuma tangu asubuhi.

Lita wakati wa kukimbia

Mwaka 1971, katika vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kiliua wengi, na maji ya kutundika kwenye mshipa yakakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kutumia chumvi na sukari ya glukozi vilivyopimwa na kufungwa katika mifuko, vikachanganywa na maji katika mapipa. Jamaa za wagonjwa walichota kwa vikombe na kuwanywesha wenyewe. Kabla ya hapo karibu wagonjwa 30 katika 100 walikuwa wanakufa. Kwa njia hiyo walikufa chini ya 4 katika 100.

Huko Bangladesh, kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wanawake kupita nyumba kwa nyumba, zaidi ya nyumba milioni 12 kwa miaka kumi. Mama wengi hawakuwa na pakiti wala kijiko cha kupimia. Walifundishwa kwa vidole: chumvi ya kushika kwa vidole vitatu, konzi moja ya sukari guru, na maji ya nusu siri, kipimo chao cha kale, karibu nusu lita. Mwalimu alitafuta chombo cha nyumba hiyohiyo na kuweka alama mahali maji yanapofika. Mama alichanganya mwenyewe mbele ya mwalimu. Baadaye mtu mwingine alirudi kuangalia kama bado anakumbuka, na malipo ya mwalimu yalitegemea jibu la mama.

Huko Mexico watoto walifundishwa kwa kibuyu. Wanatoboa tundu chini na kuliziba, wanajaza maji, na juu wanafunika kwa kitambaa kilicholowa. Ukitoa kizibo, maji yanatoka, na kitambaa kinazama sawa na utosi wa mtoto aliyekauka. Mtoto anaona mwenyewe: maji yanayotoka lazima yarudishwe.

Na sisi Goma tuna kumbukumbu yetu. Mwezi Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu. Katika mwezi wa kwanza karibu watu 50.000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Wazee wa hapa hawajasahau. Kutokana na masikitiko ya wakati ule, mashirika ya msaada yalianza mwaka 1997 kuandika kanuni zinazoitwa Sphere. Kati yake kuna hii: kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa.

Jamaa nyingi ambazo kanuni hiyo iliandikwa kwa ajili yao hazijawahi kuisikia. Lakini mtoto anayejua bidoni anaweza kupiga hesabu. Jamaa ya watu 6, mara lita 15, ni lita 90. Hizo ni bidoni nne na nusu za lita 20. Je, nyumbani kwenu zinafika ngapi? Na kwa kuwa lita moja ni kilo moja, kila bidoni iliyojaa ni kilo 20 mgongoni mwa msichana. Wazazi, hiyo nayo ni hesabu ya kufanya.

Mnaweza kuanza leo

Yule mwalimu alinionyesha masomo yake. Ninawapa manne, hayahitaji pesa.

La kwanza, mstari wa lita. Tafuta chupa safi ya maji iliyoandikwa 0,5 L au 50 cl, na nyingine ya lita 1,5. Soma maandishi, usikisie, maana chupa ndogo hazilingani zote. Mtoto amwage chupa ndogo mara mbili ndani ya kubwa, kisha aweke alama imara pale maji yalipofika. Hiyo ni lita moja. Chupa kubwa ya bia haifiki lita, msiitumie kwa SRO.

La pili, kisia kwanza. Kabla ya kumwaga, kila mtoto aseme: vikombe vingapi vitajaza kopo hili? Andikeni chini, hata ardhini. Kisha pimeni. Anayekosea hachekwi. Anajaribu tena, na mara ya tatu utaona anakaribia.

La tatu, tele na mfuto. Jazeni kopo kwa mchanga mkavu mpaka lifanye kilima, mumwage kwenye sahani moja. Jazeni tena, pangusa juu kwa kijiti, mumwage kwenye sahani nyingine. Linganisheni. Kisha geuzeni kopo, watoto wapapase tako lake: limebonyea ndani au limenyooka? Mtoto huyo ukimtuma sokoni hatarudi na maharagi pungufu bila kujua.

La nne, kirefu na kifupi. Maji yaleyale kutoka chupa nyembamba kwenda kwenye beseni, na kurudi. Msimwambie mtoto jibu. Mwacheni amwage mpaka aseme mwenyewe.

Tahadhari moja: msitumie chombo kilichokuwa na dawa ya shamba au mafuta ya gari, hata kikioshwa.

Na kama mtoto anaharisha na hakuna pakiti, kipimo cha nyumbani ni hiki: maji safi lita moja, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya mfuto, si vya tele. Msizidishe chumvi. Mnywesheni kidogokidogo, kesho mmwage kilichobaki, na mpelekeni kituo cha afya bila kungoja.

Baadaye kambi zile zilivunjwa na jamaa zikatawanyika. Nilibahatika kuagana na mwalimu kabla hajaondoka. Alikuwa amefunga mzigo mdogo, na juu yake chupa tupu ya lita 1,5 yenye mstari. Nilimuuliza kwa nini anabeba chupa tupu wakati mzigo ni mzito. Akanijibu: «Nitakapofika, watoto watakuwapo.»

Wasikilizaji wapendwa, katika kipindi kijacho tutazungumza juu ya vipimo vya soko. Mtuambie kwenu mnapima kwa nini, kopo gani, kwa bei gani, na kama tako lake limenyooka.